Pongezi kwa Wenye Sanduku la Ilongero

Nawapongeza kwa moyo wote akina mama na akina baba wa vikundi vya kuweka na kukopa vya Ilongero, Singida. Sanduku la bati lina makufuli matatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti. Halifunguliwi ila mbele ya wanakikundi. Fedha huhesabiwa kwa sauti, kisha mihuri hugongwa kwenye kijitabu: hisa moja, muhuri mmoja. Hata asiyejua kusoma anaijua akiba yake.

Mtindo huu ulianza Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, miongoni mwa wanawake wa vijijini. Singida umekuta alizeti. Na hapo ndipo ninapouheshimu zaidi, maana wakati wa mavuno bei hushuka, na mwenye shida ya sare ya mtoto au deni la dukani huuza gunia kwa bei ya kutupa. Mwenye kikundi hukopa kidogo, akaliacha gunia lake ndani hadi bei ipande. Au hukamua mafuta, mashudu yakalisha kuku.

Nje ya sanduku pia kuna mkopo: tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwanakikundi anayemweleza jirani yake habari hii anafanya kazi kubwa.

Na ndani ya kikundi kuna mfuko wa jamii, mchango mdogo wa kila kikao. Ukifiwa usiku, asubuhi wenzako wako mlangoni na fedha mkononi.