Kinjeketile na Amri Isiyoulizwa

Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), darasani tumezoea kuihakiki kama tamthilia ya umoja na ukombozi. Sawa. Lakini likizo niliisoma upya nikiwa Mloka, kaskazini ya mto Rufiji, na Ngarambe ya mganga mwenyewe iko ng'ambo ya kusini. Safari hii ikaniuliza jambo jingine: neno la mizimu au la Mungu likishakuwa amri ya watu wote, nani ana ruhusa ya kulihoji?

Kinjeketile anatoka mtoni na maji ya Hongo. Baadaye anashtuka: Hongo amesema watakuwa watoto wa Seyyid Said. Ukombozi gani huo? Anataka wapiganaji wangoje, lakini wapi! Neno limeshamtoka, limekuwa sheria, na yeye aliyelileta hana tena uwezo juu yake. Hapa ndipo Hussein anaponikamata. Kosa si imani. Bila imani ile makabila yasingeungana. Kosa ni kwamba shaka haina pa kupitia.

Wiki hiyohiyo shangazi yangu, mjane, aligawiwa thumni ya nyumba aliyoikandika kwa mikono yake. Iliyobaki ni ya watoto wa marehemu. Nilipomuuliza shehe, alinijibu kwa upole: "Mwanangu, hii si yangu, ni amri." Alisema kweli, ndivyo fungu la mjane lilivyo mume akiacha watoto. Shangazi naye hataki mahakama ya mwanzo. Anaogopa kuambiwa ameikataa dini.

Wako watakaosema nachanganya tamthilia na mirathi. Nachanganya makusudi. Bara, mahakama za kadhi zilifutwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Muswada wa kuzitambua uliondolewa bungeni 2015, na ubishi bado upo. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 170, inamwachia kadhi ndoa, talaka na mirathi, pale tu wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa naye. Hilo "wamekubali" ndilo ninalolitaka mimi. Ila shangazi, hivi amekubali au amenyamaza? Sheria hailioni hilo. Hussein ameliona.

Mwishoni, gerezani, Kinjeketile anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Wenzangu husifu ushujaa wake. Nami namsifu, lakini jicho langu limebaki kwa wale waliokwisha kwenda mbele ya bunduki za Wajerumani wakiamini.