Vugiri, 1935–1937: Namna Sinema Ilivyotenganisha Waigizaji na Majina Yao

Historia ya filamu nchini Tanzania, inaposimuliwa kwa wasomaji wa kawaida, huanzia kwenye kanda za video za mwanzoni mwa karne hii, hasa filamu ya mapenzi ya vijana iitwayo Girlfriend, iliyotoka mwaka 2003 chini ya uongozaji wa George Tyson na kumpa nafasi kubwa Yvonne Cherrie, anayejulikana zaidi kwa jina la Monalisa. Simulizi hiyo inaruka takriban miaka sabini, kwa kuwa watu wa Tanganyika, vijana wakiwamo, walikwisha kuigiza mbele ya kamera tangu mwaka 1935 huko Vugiri, juu ya milima ya Usambara, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya Wilaya ya Korogwe. Filamu zao zilitazamwa na maelfu ya watu kutoka pwani ya Tanganyika hadi machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, lakini waigizaji wenyewe wametoweka katika kumbukumbu za taifa. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba kutoweka huko hakukuletwa na miaka kupita tu, bali kulikuwa ndani ya mbinu yenyewe ya kutengeneza filamu: namna sauti ilivyorekodiwa, namna picha ilivyopigwa, na namna mhusika alivyobuniwa.

Mradi huo uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, na chimbuko lake lilikuwa utafiti wa Baraza la Kimataifa la Misheni kuhusu maisha ya wachimba shaba, ulioongozwa na J. Merle Davis na kuchapishwa mwaka 1933. Davis alishawishika kwamba sinema ingeweza kuwafundisha watu wasiosoma, akapata fedha kutoka Carnegie Corporation ya New York, na kazi ikaanza mwaka 1935. Usimamizi wa shughuli za utengenezaji ulipewa Meja L. A. Notcutt, ambaye aliwahi kusimamia mashamba ya mkonge Afrika Mashariki na kuwaonyesha vibarua wa shambani filamu alizojipigia mwenyewe. Upande wa elimu ulikuwa chini ya Geoffrey Latham, aliyekuwa mkuu wa elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini. Hadi mradi ulipofungwa mwaka 1937, filamu fupi 35 zilikuwa zimekamilika.

Vugiri palifaa kwa kazi hiyo. Chini ya milima inapita reli ya Tanga kwenda Moshi, na Korogwe ilikuwa kituo chake muhimu, hivyo vifaa vilivyoshushwa bandarini Tanga viliweza kufika karibu kabisa bila safari ndefu ya barabara. Tambarare za Korogwe zilijaa mkonge, ulioletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba hayo yaliwakusanya manamba, yaani vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mbali, pamoja na Wasambaa waliotoka milimani na Wazigua waliotoka upande wa Handeni. Aliyetaka watu wa kuigiza, mandhari ya kijiji, mandhari ya shamba kubwa na umati wa kujaribia filamu, vyote alivipata ndani ya mwendo wa siku moja. Hewa ya baridi ya milimani nayo ilikuwa faida, kwa sababu ute wa gelatini unaobeba picha kwenye utepe hulainika na kuharibika maji ya kusafishia yakizidi joto. Sehemu kubwa ya kazi ilifanyika papo hapo, na wasaidizi Waafrika walifundishwa kuifanya.

Utepe uliotumika ulikuwa wa milimita 16, chini kidogo ya nusu ya upana wa utepe wa milimita 35 uliokuwa kawaida ya majumba ya sinema, na sababu zake zinaeleweka: ulikuwa rahisi kwa bei, mwepesi kubebwa kwenye lori, na haukutengenezwa kwa nitrati inayoshika moto upesi. Lakini uamuzi mzito kuliko wote, na ndio unaostahili kuangaliwa kwa makini, ulihusu sauti. Kufikia mwaka 1935 studio za Marekani na Ulaya zilikuwa zimekwisha kuhamia kwenye sauti ya mwanga, yaani sauti inayochapwa kama mstari pembeni mwa utepe uleule wa picha na kusomwa na taa ya projekta. Vugiri walichagua njia ya zamani zaidi, ambayo kampuni ya Warner Brothers ilianza kuitumia mwaka 1926 na kuiacha baada ya miaka michache, yaani sauti ya sahani: filamu inapigwa bila sauti, kisha maelezo na muziki vinarekodiwa kwenye sahani ya santuri, na wakati wa onyesho santuri na projekta vinaendeshwa pamoja.

Faida ya njia hiyo ilikuwa ya wazi kwa mradi wenye fedha chache na lugha nyingi. Picha moja iliweza kuandamana na sahani ya Kiswahili ikiwa Tanga, ya Kiganda ikiwa Uganda, ya Kinyanja ikiwa Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, na ya Kibemba ikiwa kwenye machimbo, bila kuchapa upya utepe wenyewe. Hasara zake zilijulikana kwa kila fundi aliyewahi kuiendesha. Filamu isiyo na sauti hupita, kwa kawaida, fremu 16 kwa sekunde, fremu ikiwa ni picha moja iliyotulia. Utepe ukikatika katikati ya onyesho, fundi akaunga na kupoteza fremu 8, picha inakuwa imetangulia sauti kwa nusu sekunde, na ukikatika tena mara tatu nne kabla ya mwisho, jembe linainuliwa wakati msimulizi bado anaeleza mbegu. Dawa yake ilikuwa kupachika fremu tupu, nyeusi, zenye idadi ileile ya zilizopotea, kazi ambayo fundi aliye porini, mbele ya umati unaosubiri, hana nafasi ya kuifanya vizuri.

Hasara ambayo mafundi hawakuihesabu ilimwangukia mwigizaji. Kwa kuwa sahani ilipaswa kubadilishwa kulingana na lugha, na kwa kuwa mwendo wa midomo hauwezi kulingana na lugha nne kwa pamoja, mazungumzo ya ana kwa ana hayakuwa na nafasi kubwa. Nafasi yake ilichukuliwa na msimulizi mmoja aliyesema kwa niaba ya mume, mke, mwizi na jumbe. Msichana wa Vugiri aliyesimama mbele ya kamera alitoa mwili wake tu, naye alipoonyeshwa Buganda alisemewa na mtu asiyemjua, kwa lugha asiyoifahamu, na kwa maneno ambayo huenda hakuyasema kabisa. Katika ufundi wa uigizaji sauti ni nusu ya mtu. Mtazamaji wa Afrika Mashariki, aliyelelewa na hadithi za kusimuliwa na ngoma za kujibizana, hukumbuka kwanza namna mtu alivyosema, ndipo akakumbuka sura yake, na kumnyima mwigizaji sauti mbele ya watazamaji wa namna hiyo ni kumwondolea kile ambacho kingemfanya atajwe jioni ya kesho yake.

Jambo la pili ni picha ya karibu, yaani ile inayojaza kiwambo kwa uso wa mtu mmoja. Nyota wa Hollywood na wa Bombay wa miaka ileile walijengwa na picha hiyo: uso unakaa kwenye kiwambo kwa sekunde kadhaa bila kufanya lolote, na mtazamaji anapata muda wa kuujua. Filamu ya mafunzo haina sababu ya kukawia usoni, kwa kuwa kinachofundishwa hakiko pale. Kamera ikisogea karibu, inasogea kwenye mkono unaochagua mbegu, kwenye shimo la choo, au kwenye mnyoo wa safura, maradhi yaliyohusika katika filamu mojawapo kati ya tatu za Vugiri zinazojulikana kuwa zimesalia. Baadaye hali hiyo ilipewa nadharia. William Sellers, aliyekuwa afisa wa afya Nigeria na kisha mkuu wa Idara ya Filamu ya Makoloni iliyoundwa mwaka 1939, alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika anahitaji picha ndefu, za polepole, zisizo na mikato ya ghafla wala hila za kamera. Dai hilo lilikuwa dhana ya ukubwa wa kikoloni iliyovishwa joho la utafiti, na matokeo yake kwa mwigizaji yalikuwa kwamba alionekana mzima kwa mbali, akifanya kazi, mara chache sana akitazamwa.

Ziara ya kwanza ya maonyesho, ya mwaka 1935 hadi 1936, inasaidia kupima uzito wa jambo hili. Lori la mradi lilipita Tanganyika, Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, Kenya na Uganda kwa mwendo wa karibu maili 9,000, likafanya maonyesho 95 mbele ya Waafrika wapatao 80,000. Wastani wake ni zaidi ya watu 800 kwa usiku mmoja, uwanjani, mbele ya kiwambo kimoja kinachoangazwa na projekta ya milimita 16. Aliyeketi safu za nyuma aliona mtu akitembea na mtu akilima. Uso wa mtu huyo, bila picha ya karibu, ulikuwa doa la mwanga.

Jambo la tatu linahusu aina ya mhusika. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili hutofautisha mhusika bapa, asiyebadilika na anayebeba sifa moja, na mhusika duara, mwenye sura nyingi na anayekua kadiri kisa kinavyoendelea. Filamu za Vugiri zilijengwa juu ya wahusika bapa wawili wawili. Katika ile ya benki ya posta, mmoja anazika fedha zake ardhini na mwizi anazichimbua, hali mwenzake aliyeziweka posta anabaki na akiba yake. Iliyokaribia zaidi hadithi ya vijana iliitwa Gumu, juu ya kijana wa shamba anayekwenda Dar es Salaam na kuharibikiwa, na hapo walau palikuwa na mtu anayebadilika, ingawa mabadiliko yenyewe yalipangwa kuthibitisha kwamba mahali pa kijana ni kijijini.

Handeni inaonyesha vizuri ni nini kilichoachwa nje ya picha. Kati ya mwaka 1932 na 1935 wilaya hiyo ilipatwa na njaa, na mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu siasa za mazingira katika kaskazini-mashariki ya Tanzania, ameeleza jinsi utawala wa kikoloni ulivyodhoofisha taratibu za Wazigua za kuweka akiba ya chakula, kufanya biashara na kuzuia pori lenye mbung'o lisisogelee makazi. Wakati huohuo, ng'ambo ya tambarare, kamera ya Vugiri ilikuwa ikitengeneza filamu kuhusu mbegu bora, chakula na afya, kodi na mifugo, ambamo shida ya mkulima ilielezwa kuwa ni kutojua. Mama wa Kizigua aliyenusurika miaka ile alikuwa na kisa cha mhusika duara kuliko chochote kilichoandikwa Vugiri, na kisa hicho hakikuombwa. Mwigizaji hupata jina kwa kubeba kisa chenye uzito. Filamu juu ya malaria ya watoto wachanga, kwa mfano, haiwezi kufanyika bila mwanamke mwenye mtoto mikononi, ila katika mpango wa mafunzo mwanamke huyo ni "mama" tu, na angeweza kubadilishwa na mwingine yeyote bila filamu kupungukiwa.

Haitakuwa haki kudai kwamba Notcutt na Latham waliwadharau waliofanya nao kazi. Kitabu chao cha mwaka 1937, The African and the Cinema, kinatetea kwa nguvu kwamba Waafrika wanaweza kufundishwa kutengeneza filamu, msimamo ambao serikali nyingi za wakati ule hazikuwa nao. Udhaifu ni kwamba mradi ulimhesabu mwigizaji kama sehemu ya somo, kisha serikali za makoloni zikakataa kuendelea kuugharamia, na waliojifunza kazi wakatawanyika kabla ya kupata filamu nyingine za kuwajengea sifa.

Mfano wa kulinganisha upo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Afrika Kusini, African Film Productions, ilitengeneza Tanganyika filamu za hadithi kwa Kiswahili, miongoni mwao Muhogo Mchungu, na kijana aliyeigiza humo kama mhusika mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa. Filamu zile zilikuwa na visa vya kuchekesha na kusikitisha, na mhusika mkuu wa kufuatwa tangu mwanzo hadi mwisho, jambo lililompa Kawawa umaarufu ambao wazee waliuzungumzia miongo mingi baadaye. Hata hivyo, lililohifadhi kumbukumbu hiyo hasa ni kwamba aliyeigiza alikuja kuwa Waziri Mkuu mwezi Januari mwaka 1962. Wanawake walioigiza katika filamu za miaka ile hawakupewa wizara, na majina yao hayamo katika vitabu vya shule. Bongo Movie, yaani tasnia ya filamu za video iliyokuja mwanzoni mwa karne hii, kwa kasoro zake zote, ndiyo iliyogeuza utaratibu huu, kwa kuwa filamu iliuzwa kwa sura na jina lililochapwa kwenye jalada, na mwanamke kijana akawa mali ambayo msambazaji hawezi kuifuta bila kupata hasara.

Filamu tatu za Vugiri, zote za mwaka 1936, zimehifadhiwa London katika hazina ya British Film Institute: ile ya safura, ile ya mafunzo ya utabibu wa mifugo, na ile ya mashamba ya wakulima wa Kingolwira karibu na Morogoro. Sura zilizomo ni za babu na bibi za watu walio hai leo. Bodi ya Filamu Tanzania, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa na halmashauri za wilaya zinapaswa kuomba nakala zake na kuzionyesha Vugiri, Korogwe mjini, Handeni na Kingolwira, kwa mwendo wa pole unaoruhusu picha kusimamishwa, huku wakiwapo wazee wa koo na mtu wa kuandika, ili anayemtambua shangazi au babu yake amtaje. Kazi hiyo inahitaji projekta ya kawaida, ukuta mweupe na daftari, na inafaa ifanyike sasa, kabla ya waliowajua waigizaji hao kwa macho kuondoka wote.