Neno "fumbo" na mahubiri yetu

Huku Kisangani tunasikia mara nyingi mkristu anatoka Misa na kusema: "Leo padri amesema mafumbo." Anataka kusema tu kwamba hakufahamu. Na sisi wahubiri tunapenda kujisitiri chini ya neno hilo. Lakini neno lenyewe halitupi ruhusa.

Fumbo limetoka katika kufumba: tunafumba macho, tunafumba kinywa, tunafumba mkono. Kufumbata ni ndugu yake, maana yake kushika kitu ndani ya kiganja. Ni neno la kibantu halisi, si kama siri na methali yaliyotoka kwa Waarabu. Tena, kama vile kufunga kuna kufungua, kufumba kuna kufumbua. Angalieni vizuri: mkono uliofumbwa unaonekana, na ndani yake mna kitu. Kama hamna kitu, hakuna fumbo.

Wenzetu wanaosema Lingala wana neno kobomba, ni kuficha. Mwalimu akieleza fumbo kwa njia hiyo, watoto watafikiri Mungu ameficha kitu fasi ya mbali. Lakini kilichofumbwa kiko mbele yetu.

Wagiriki walipita njia ileile: mysterion hutolewa katika myein, kufumba macho ao kinywa. Kwa Kilatini liliwekwa mara mysterium, mara sacramentum, kama katika Waefeso 5, 32. Kwa hiyo waliochagua "Fumbo la imani" kwa ajili ya Misa walichagua vema, "siri" ingaliharibu. Tangu Misali ya Papa Paulo VI, mwaka 1969, maneno hayo hayamo tena kati ya maneno ya kikombe: yanatangazwa kisha, na watu wote wanajibu. Nani anajibu siri kwa sauti kubwa?

Ni kweli, mkono wa Mungu haufumbuki wote hapa duniani. Mtume Paulo anasema tunaona kama katika kioo, na neno analoweka pale, ainigma, ni kitendawili (1 Wakorinto 13, 12). Lakini mhubiri anayewatupia wamama wa Mangobo "eskatolojia" bila kuifasiria hafumbi kitu. Hilo ni giza la mhubiri, na sherti tuliite hivyo.

Katekista anayefundisha habari hii achukue punje ya muhindi, aifumbate mbele ya watoto, awaulize kwanza wanaona nini.