Kuijua Seva Iliyosanidiwa kwa Ustadi

Mtu asiye na mazoea ya kazi hii, aonyeshwapo programu ya wavuti iliyoandikwa kwa Python ikiitika katika kivinjari chake, aghalabu hudhani kwamba fundi amekwisha kutimiza wajibu wake. Lakini kufunguka kwa ukurasa ni ithibati hafifu mno, kwani hata seva ndogo ya majaribio ambayo Django, mfumo wa kuundia programu za namna hiyo, huja nayo, na ambayo watunzi wake wenyewe wamewakataza watu kuitumia hadharani, huufungua ukurasa uo huo bila ya taabu. Mjuzi huuliza jambo jingine: kila sehemu imepewa kazi gani, nayo imezuiliwa kazi gani?

Tuutazame mpangilio uliozoeleka, ambao Nginx, iliyotungwa na Igor Sysoev na kutolewa kwa umma mwaka 2004, huwekwa mbele, na Gunicorn nyuma yake, ikizungumza na programu kwa mapatano ya WSGI yaliyoandikwa mwaka 2003. Nginx ni bawabu, wala si pambo. Mfanyakazi wa kawaida wa Gunicorn hushughulikia ombi moja tu kwa wakati mmoja; basi mteja mwenye mtandao dhaifu, aletaye ombi lake kidogo kidogo, angeweza kumshikilia mfanyakazi huyo muda mrefu, na wateja wachache wa namna hiyo wakaisimamisha huduma nzima. Bawabu hulipokea ombi lote kwanza, ndipo akalikabidhi ndani kwa mara moja. Kwa sababu hiyo, uikutapo Gunicorn inasikiliza katika anwani iliyo wazi kwa dunia yote, ihesabu kazi hiyo kuwa pungufu, hata ikiwa inakwenda mbio. Iliyo njema husikiliza katika soketi ya Unix, au katika 127.0.0.1, ambako mgeni wa nje hafiki.

Mahali ninapopatazama kwa nadhari kubwa kuliko pote ni pale mafaili tuli, yaani picha na mitindo ya kurasa, yanapotolewa na Nginx yenyewe, kwa kuwa hapo alama moja ya mkwaju huweza kuleta maafa. Fundi akiandika `location /static` pasipo mkwaju wa mwisho, kisha akaielekeza kwa `alias /srv/duka/static/`, mtu mwenye hila ataomba `/static../settings.py`, na Nginx, ikiyatii maneno iliyoandikiwa, itapanda saraka moja juu na kumkabidhi faili la mipangilio pamoja na ufunguo wa siri uliomo. Kurasa zote zitaonekana salama, na hakuna kengele itakayolia. Fundi stadi huuandika mkwaju huo pande zote mbili, katika `location` na katika `alias`, tena huyahamishia mafaili tuli mbali na msimbo.

Kadhalika zitazame habari ambazo Nginx hupeleka nyuma. Programu huambiwa kwa `X-Forwarded-Proto` kama mteja amekuja kwa HTTPS. Usanidi ulio bora huiandika habari hiyo upya kila mara, ilhali ule wa kubahatisha huipitisha kama alivyoileta mteja, na hivyo humpa mwongo nafasi ya kusadikiwa.

Hesabu ya wafanyakazi isikughuri. Kanuni ya mara mbili ya viini vya prosesa na kuongeza mmoja ni mwanzo mwema, lakini asiyepima kumbukumbu inayoliwa na kila mfanyakazi ameinakili tu. Vivyo hivyo Nginx isipoelekezwa hukataa mzigo unaozidi megabaiti 1, na programu ya kupokea picha iliyoachwa katika hali hiyo yaonyesha kwamba aliyeisanidi hakuijaribu kama mtumiaji. `DEBUG`, ile hali ya Django ya kusaka makosa, ikiwa bado imewashwa, usiendelee kukagua, irudishe kazi.

Hatimaye omba mashine izimwe na kuwashwa tena mbele yako, wala asiruhusiwe mtu kugusa kibodi: systemd, msimamizi wa huduma za mashine, yapasa kuziinua Nginx na Gunicorn zote mbili, na Gunicorn iinuke kwa jina la mtumiaji asiye na madaraka, kamwe si root. Kisha mwambie fundi abadili mstari mmoja wa usanidi wa Nginx huku wateja wakiendelea kuhudumiwa, umwangalie mkono: aliye stadi ataanza na `nginx -t`, ndipo aamuru usomwe upya, na wafanyakazi wa zamani watayamaliza maombi waliyonayo kabla ya kuondoka.