Kitendawili Bila Mtegaji: Fani ya WarioWare: Touched!

WarioWare: Touched!, mchezo uliotolewa na Nintendo nchini Japani mwaka 2004 kwa ajili ya chombo cha mkononi cha Nintendo DS, ni mkusanyiko wa vijichezo zaidi ya 180, kila kimoja kikidumu sekunde chache. Ingawa vituko vyake vyaweza kudhaniwa kuwa upuuzi mtupu, kimuundo vinakaribiana na kitendawili: amri fupi hutolewa, picha ya ajabu hujitokeza, na mchezaji hulazimika kuifumbua papo hapo. Jibu, hata hivyo, si neno bali ni tendo: kusugua, kukata au kuzungusha kwa kalamu juu ya kioo, ama kupuliza kwenye kipaza sauti.

Tofauti ya kimsingi imo katika kushindwa. Anayeshindwa kutegua kitendawili hutoa mji, kisha mtegaji humfunulia jibu. Katika mchezo huu, anayeshindwa hupoteza mojawapo ya nafasi zake nne bila kuelezwa lolote, na kasi huzidi. Jibu hulipata kwa kukutana tena na kijichezo kile kile. Hivyo basi, urudiaji ndio unaoshika nafasi ya fanani, na ucheshi unaozaliwa humo hauna jamii ya kuushiriki.