Siku Moja Bruxelles: Usione Vyaelea

Wazee walisema: aisifuye mvua imemnyea. Wapo wandugu wetu walionyeshewa na mvua ya Bruxelles siku moja tu, kati ya ndege mbili au baada ya mkutano, nao hurudi wakiusifu mji ule bila kikomo. Wapo na wengine ambao hurudi wakiulaani wote, jiwe kwa jiwe, wakisema kwamba kila kitu pale kimejengwa kwa jasho letu. Hawa na wale wametazama kwa jicho moja. Basi, msomaji mpendwa, tuupime mji huu kama mtu apimavyo kitabu. Kilicho kizuri tukiite kizuri, na palipo na ukurasa uliofichwa tuufunue.

Tuanze na njia yenyewe. Wageni wa siku moja karibu wote hupita njia ile ile: uwanja wa Grand-Place, kisanamu cha mtoto anayekojoa, duka la chokoleti, viazi vya kukaanga, halafu Atomium ya maonyesho ya mwaka 1958, na kurudi kwenye gari la moshi. Njia hii si mbaya. Kosa lake ni moja: inaonyesha vitu vilivyokwisha kufanyika, haionyeshi waliovifanya.

Hata hivyo Grand-Place inastahili sifa yake. Mwezi wa nane wa mwaka 1695, askari wa mfalme Louis XIV wa Ufaransa, chini ya jemadari Villeroy, waliupiga mji kwa mizinga. Nyumba za kuuzunguka uwanja ziliteketea, lakini mnara wa Nyumba ya Mji, wenye mita 96 na sanamu ya Malaika Mkuu Mikaeli juu yake, ulibaki umesimama. Je, wenyeji walikaa chini kulia? Hapana. Waokaji wa mikate, watengenezaji wa bia, wachinjaji, wenye mashua za mtoni, kila chama cha mafundi kilijenga tena nyumba yake, na katika miaka michache uwanja ulikuwa umerudi. Haya yalitokea miaka 190 kabla ya Leopold II kujitwalia Kongo mwaka 1885. Anayesema kwamba mawe yale nayo yalinunuliwa kwa mpira wetu asema uongo. Amri ya nane haimpi ruhusa hata mwenye uchungu wa haki.

Juu ya kisanamu cha mtoto sina maneno mengi. Kilitengenezwa na Jérôme Duquesnoy mwaka 1619, nacho ni kidogo kama mtoto mchanga. Watu hutoka mbali kukitazama, hucheka, huondoka. Hakuna ubaya katika kucheka, ila robo saa yatosha.

Toka hapo nenda kwa miguu mpaka kanisa kuu la Watakatifu Mikaeli na Gudula. Wengi huingia, huinua macho, hupiga picha, hutoka. Wanaipita bure mimbara ya mti iliyochongwa na Henri-François Verbruggen mwaka 1699 kwa kanisa la Wayesuiti wa Leuven, ikaletwa hapa mwaka 1776. Chini yake wapo Adamu na Eva wakifukuzwa paradisini, malaika yupo, na Mauti ipo karibu. Juu kabisa yupo Bikira Maria pamoja na Mtoto wake, na nyoka anachomwa kichwa kwa msalaba. Mimi nadhani hakuna kazi ya mikono katika mji huo inayosema kweli kuliko hii, kwa sababu inasema yote mawili, dhambi na wokovu. Fundi hakuificha aibu ya wazazi wetu ili kuupamba utukufu. Kwa kipimo hiki na tuyapime mengine.

Lipime tao kubwa la Cinquantenaire, lenye milango mitatu, lililomalizika mwaka 1905. Kwa ujenzi, ni kazi ya nguvu, tena iliyopangwa vizuri. Lakini fedha yake ilitoka katika mapato ya Leopold huko Kongo, ikapitishwa katika mikono ya watu walioitwa watoa-zawadi ili mwenyewe asionekane. Miaka ile vijijini kwetu watu walikuwa wakipigwa na wake zao wakifungwa ili waume walete mpira. Tao linauonyesha utukufu, na juu ya dhambi limenyamaza. Ni mimbara iliyokatwa nusu ya chini.

Kumbe, sanamu ya mfalme huyo juu ya farasi, kwenye Place du Trône, imekuwa na ukweli zaidi bila kutaka. Ilisimamishwa mwaka 1926, na maandishi yaliyo chini yake yanasema kwamba shaba na bati zake zilitoka Kongo, zikatolewa bure na kampuni ya Union Minière du Haut Katanga. Mtu wa Likasi au Lubumbashi akisoma maneno hayo atajiuliza: ni nani aliyezitoa bure? Kampuni, au mchimbaji? Usione vyaelea, vimeundwa.

Sasa tule, maana mgeni hashibi kwa mawe. Viazi vyao vya kukaanga navisifu bila kusita. Vinakatwa vinene, vinakaangwa mara mbili, na wale wanaoshika desturi hutumia mafuta ya ng'ombe. Vinaliwa katika karatasi, watu wakiwa wamesimama njiani, mwenye cheo na mfagiaji katika mstari mmoja. Hicho ni chakula chenye unyenyekevu. Nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole katika bia ni nzuri vilevile siku ya baridi.

Chokoleti yataka maneno zaidi. Katika Galeries Saint-Hubert, zilizofunguliwa mwaka 1847, ndipo nyumba ya Neuhaus ilipoanza mwaka 1912 kutengeneza praline, yaani chokoleti yenye kitu kitamu ndani. Ufundi huo ni wa Wabelgiji, tuwape haki yao. Lakini kakao haioti Ubelgiji. Inaota kwenye nchi za joto, hata kwetu Beni na Mambasa, ambako mkulima huivuna akisikiliza kama bunduki zimekaribia. Sanduku lina utepe wa dhahabu na jina la mwenye duka. Jina la mkulima sijaliona. Sisemi tusile. Nasema tunapofanya ishara ya msalaba kabla ya kula, tumkumbuke na yeye, na tuulize bei aliyolipwa.

Hapo Wakongo wengi watasema: «Twende Matongé!» Vema. Mtaa huo wa Ixelles uliochukua jina lake Kinshasa una sombe, makayabu na kwanga, na mlangoni pake, tangu 30 Juni 2018, upo uwanja wenye jina la Patrice Lumumba. Lakini nasi tujikosoe. Mtu anayeshinda Matongé tangu asubuhi mpaka jioni, akila alichokula jana nyumbani na kununua viatu, amelipa nauli ya ndege bure. Yeye naye amekataa kusoma kitabu.

Ningekata saa mbili za Atomium nikazipeleka Tervuren. Tramu namba 44 hupita katikati ya msitu mpaka huko. Mwaka 1897 Leopold alileta Wakongo 267 kwa maonyesho, akawaweka katika vijiji vya kutazamwa ndani ya bustani. Saba walikufa. Majina yao ni Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Wamelala kando ya kanisa la Mtakatifu Yohane, karibu na jumba la makumbusho. Ndani ya jumba hilo upo ukuta wenye majina ya Wabelgiji 1.508 waliofia Kongo. Fundi wetu Freddy Tsimba hakuufuta ukuta huo. Aliandika majina ya wafu wetu kwenye vioo vya madirisha ya mkabala, na jua likiwaka, kivuli cha majina hayo huangukia ukutani, juu ya yale mengine. Kazi hiyo naiweka karibu na mimbara ya Verbruggen. Haitukani mtu, wala haifichi mtu.

Basi, ndugu utakayepata siku moja katika mji ule, nakushauri hivi: asubuhi Misa na mimbara, kisha Grand-Place, saa sita viazi njiani, alasiri tao, kisha tramu mpaka makaburi ya Tervuren, jioni, ukitaka, sombe ya Matongé. Sifu bila woga kilicho kizuri, maana uzuri wote watoka kwa Mungu. Na ukifika kwenye makaburi yale saba, usiondoke kwa kupiga picha tu. Waite kwa majina yao, kisha uwasomee sala ya marehemu. Wametazamwa na watu wengi mno. Waliowaombea ni wachache.