Akili Yenye Viraka

Mwaka 1977 mwanabiolojia Mfaransa François Jacob aliandika katika jarida la Science kwamba mageuko ya viumbe hayafanyi kazi kama mhandisi mwenye ramani. Hufanya kama fundi wa kuungaunga, atumiaye vipande alivyovikuta. Hoja iliyo jirani na hiyo ndiyo msingi wa kitabu cha mwanasaikolojia wa Marekani, Gary Marcus, kiitwacho Kluge, kilichotolewa mwaka 2008. Jina hilo ni neno la mafundi: kifaa kilichoungwaungwa ovyo, ila kinafanya kazi. Kwake, akili ya binadamu ni kifaa cha namna hiyo.

Juu ya kumbukumbu, mwandishi ametuzindua. Kompyuta huweka kila jambo mahali penye anwani yake. Binadamu hukumbuka kwa kudokezwa. Nani kati yetu walimu hajamwona mwanafunzi aliyekwama, kisha silabi moja tu ikamfungulia ubeti mzima? Mara ngapi tumekuita kukwama huko uvivu, tukaadhibu maumbile?

Juu ya lugha, hatukubaliani naye. Yeye huuhesabu utata wa maneno kuwa kasoro. Lakini tulitazame neno paa: ni mnyama, ni sehemu ya nyumba, ni kwenda juu angani, ni kukwangua magamba ya samaki. Msikilizaji hapotei, kwani muktadha humwongoza. Na muktadha huo huo ndio uongozao kumbukumbu. Naye malenga hukusudia kuzifunga maana mbili katika neno moja. Tukiuondoa utata, tumeliua fumbo, na sehemu kubwa ya ushairi wetu imekwenda nalo. Basi udhaifu wa kumbukumbu na uwezo wa lugha vina shina moja, jambo ambalo mwandishi, kwa kuipima akili kwa mizani ya mashine, hakulipa uzito wake.

Hata hivyo, kitabu kinafaa kusomwa na kila mwalimu. Sura ya mwisho inatoa mashauri 13 ya kuishi na akili hii, na mojawapo ni kuzifikiria sababu nyingine kabla ya kuamua. Tuanzie hapo. Kabla hatujaandika "mvivu" katika ripoti ya mtoto, tumpe kwanza dokezo moja, tuone atakachokumbuka.